Gemu Aliyonisomea Kijino

3 Februari

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linasemaje, na lile sikio? Mimi mzima, mikono tu ndiyo imechubuka kwa sabuni mpya waliyotuletea hapa dobi la hospitali. Mashuka hayaishi, Mama. Ukimaliza toroli moja, unasukumiwa jingine.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako anaishika Kijino, na kwa ajili ya sikio lako anaweka sauti juu mpaka majirani wanachangia. Hili sitaki alisikie. Barua mpe mzee Karani akusomee, si yeye.

Ni ile gemu niliyompelekea, na kimashine chake cha kuunganisha kwenye televisheni. Niliinunua duka la vitu vilivyotumika, hapa nyuma ya hospitali. Nilimwuliza muuzaji kama ni ya kupigana, akasema hapana, hii ni ya hadithi: unamfuata mtu na kumchagulia la kufanya. Nikafurahi, maana binti yangu Kijino anapenda hadithi. Sasa juzi mwenzangu wa mashine ya pasi kaona picha ya jalada kwenye simu yangu, akaniuliza, "Mwanao ana miaka mingapi?" Nikamwambia tisa. Akanionyesha namba pembeni. Kumi na mbili. Anasema maana yake aliye chini ya hapo haruhusiwi.

Mimi sijaicheza hata mara moja, na hapa sina kimashine. Nakuomba, Mama, kaa naye, tazama mwanzo hadi mwisho, uniambie kama inamfaa mtoto. Wewe ukisema haifai, haifai. Nitamwambia mwenyewe aifungie kabatini.

Mbusu Kijino, lakini usimwambie nimeandika.

Mwanao

*

16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, linajua mvua kabla ya mawingu. Sikio usiliulize, lina siku zake za kusikia na siku zake za kupumzika. Mtoto hajambo, anakula kama anayejenga nyumba. Wewe paka mafuta hiyo mikono.

Karani anaandika ninavyosema. Alitaka kuanza na "Ama baada ya salamu," nikamwambia hiyo "ama" ni yako wewe na ofisi yako uliyostaafu, mimi sijawahi kumwambia mwanangu "ama." Amenuna, lakini anaandika.

Sasa wewe mtoto una akili kweli? Mtu hajakalia dawati hata siku moja, unamfanya mkaguzi? Godoro nalijua. Miaka arobaini nafungua magodoro ya watu, nachambua pamba, nashona upya. Napitisha mkono ndani, nikikuta donge nalitoa. Lakini hii gemu yako nitapitisha mkono wapi? Ni kioo! Nimeshika kioo, kina joto, basi.

Lakini umeniomba, nimekaa. Nilimwambia Kijino, "Leo na mimi nacheza." Akanitazama kama niliyesema nitapanda mti.

Nakwambia nilichokiona. Kuna mwanamke ana koti la njano. Mvua inamnyeshea, hana mwavuli, hana kofia. Akageuka akanitazama, nikamsalimia. Kijino alicheka mpaka akaanguka kwenye pamba niliyokuwa nimeichambua asubuhi nzima. "Hakusikii, Bibi!" Basi mbona ananitazama?

Nikauliza, "Anayeamua aende wapi ni nani, yeye au wewe?"

"Mimi, Bibi."

"Sasa akikosea anagombezwa nani?"

Akafikiri. "Yeye," akasema.

Hilo sikulipenda, Karani andika kwamba hilo sikulipenda. Halafu nikauliza, ukizima anakwenda wapi? Akasema anasimama hapo hapo mpaka awashe tena. "Kwenye mvua?" "Kwenye mvua." Nikamwambia washa, mtoto we, tumwingize ndani kwanza! Tukakaa mchana wote, godoro la mwalimu likabaki limepasuliwa tumbo. Lakini tulimfikisha kwenye kibaraza, akakauka.

Hakuna anayepigana. Damu sijaiona. Aliye uchi sijamwona. Wanatembea, wanafungua makabati, wanaokota vitu. Maneno yanatokea chini, mistari mistari, na Kijino ananisomea bila kukwama hata mahali pamoja. Mwanangu, nilijisikia raha. Wewe wakati wako ulikuwa unanisomea mabango ya maduka. Leo nasomewa hadithi nzima, na mjukuu.

Kwa hiyo sijui. Namba ni ya nini? Aliyeiweka alimwona Kijino wapi?

Ni mimi mama yako

*

27 Februari

Mama,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako wakati wa chai nikacheka peke yangu, wenzangu wakadhani nimeangukiwa na pasi. Kijino anaendelea vizuri shuleni? Goti ulifunge kitambaa cha moto.

Ahsante kwa kukaa. Lakini bado hujaniambia hadithi yenyewe inasema nini. Mwenzangu wa pasi anasema gemu za aina hii ubaya wake haumo kwenye mapigano, umo kwenye maneno. Ni nani huyo mwanamke? Anatafuta nini? Muulize Kijino akusomee yote, unieleze.

Nina haraka, toroli limefika.

Mwanao

*

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na haraka zako. Sisi hapa wazima. Kijino kapata alama nzuri, mwalimu mwenyewe kaniambia alipokuja kufuata godoro lake, ingawa alikuja amekunja uso.

Umesema nikueleze hadithi. Keti basi.

Huyo mwanamke wa koti la njano alikwenda kufanya kazi mbali. Nyumbani kaacha mtu anayemngoja. Sasa anarudi, na mkononi ana kifurushi, kimefungwa kwa shuka, kakibana kifuani hivi. Mimi nikadhani mkate. Nikamwuliza Kijino, "Kile ni nini?"

"Mtoto mchanga, Bibi."

"Wa nani?"

"Wake. Kampata huko huko. Nyumbani hawajui."

"Wewe umejuaje?"

"Imeandikwa."

Nikashika kiuno. Mtoto gani halii, hanyonyi, kakunjwa kama godoro la kusafirishwa? Akasema, "Analia, Bibi, lakini yule mwanamke anaficha sauti." Haya, imeandikwa, mimi ni nani?

Tena kuna chumba cha juu, kuna mwanamke mwingine kalala kitandani, mikono imepangwa, uso mweupe. Mwanangu, mimi maiti naijua. Nimewashonea watu wangapi godoro la mwisho la ugonjwa? Nikasema, "Huyu amekufa." Kijino akashtuka, akasema hapana, hapana Bibi, imeandikwa kachoka na kazi, amelala. Nikatazama tena. Kwangu mimi amekufa. Lakini yeye ndiye anayejua kusoma. Nimekaa na jambo hilo siku tatu, naona nimekuwa mjinga mbele ya macho yangu mwenyewe.

Kisha kuna mlango mkubwa. Hapo ndipo pananichanganya kabisa. Mwanamke na kifurushi chake wakifika mlangoni, gemu inauliza: agonge au arudi? Kijino anabonyeza arudi. Kila mara! Wanazunguka bustani nzima, wanapanda ngazi, wanarudi mlangoni, arudi. Nikamwambia, "Mwache agonge basi, miguu yangu inauma kwa niaba yake."

"Akigonga atafunguliwa, Bibi."

"Si ndiyo maana ya kugonga?"

"Akifunguliwa watamwona mtoto. Kisha watakasirika, kisha ataondoka, hatarudi tena."

Nikamuuliza na hilo limeandikwa? Akasema limeandikwa.

Mwanangu, unanijua, mimi neno likinijaa mdomoni haliketi. Nilisema kwa sauti, "Na angekuwa mwanangu huyo, ningemfungia mlango kweli! Akakae na siri yake huko huko alikoipata." Kijino akazima televisheni. Akasema macho yanamuuma, akaenda kukaa uani na kikapu cha nyuzi, akazifungua zote, akazifunga zote.

Sasa unaniuliza inafaa au haifai. Sijui! Nimechanganyikiwa mpaka juzi nilishona mto pande zote nne kabla sijatia pamba. Haina matusi. Haina kisu. Lakini waliotunga hawana haya? Mtoto wa miaka tisa wanampa mambo ya mwanamke mzima anayeficha kichanga, wanamfanya yeye ndiye achague! Mimi nasema iondoke. Halafu nasema isiondoke, kwa sababu akikaa na mimi kunisomea anakuwa karibu, bega lake na bega langu, na tangu uondoke hajawahi kukaa hivyo.

Wewe ndiwe umesoma. Amua. Na unijibu upesi.

Mama yako

*

21 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sitaki salamu ndefu, nataka jibu.

Barua yangu ilikwenda mwezi na zaidi. Karani ameuliza posta, wanasema ilifika, kuna mtu alitia sahihi. Simu umepiga mara mbili, mara zote mbili dakika moja, "hamjambo, hatujambo, mtandao mbaya." Mtandao una ubaya gani na wewe? Kijino anabaki ameshika simu, anaitazama kama itaongeza neno.

Unaumwa? Umefukuzwa kazi? Sema. Gemu nimeiacha ilivyo, sijaigusa, nangoja uamuzi wako. Mtoto haichezi. Nikimwambia tucheze anasema leo hapana.

Nimesema nini kibaya? Karani amenisomea nakala yake mara mbili. Sioni.

Mama

*

3 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulize nini kuhusu afya yako, naona aibu hata kuuliza.

Mwambie Karani asome polepole, na Kijino asiwe karibu.

Nilipopata barua yako ya mwezi wa tatu nilikaa chini kwenye sakafu ya dobi, mashine zote zinazunguka. Nikamwomba dada mmoja wa huku, mwenye kimashine kama kile, anitafutie gemu ile ile. Nikaenda kwake siku zangu tatu za mapumziko, tukaicheza mpaka mwisho, ananitafsiria yale nisiyoyaelewa. Mama, gemu hii imeandikwa kwa lugha ya huku. Yote. Mimi mwenyewe baada ya miaka mitatu nasoma kwa kukwama. Nilidhani kuna mahali pa kubadilisha lugha, hapapo. Kijino hajui hata neno moja la lugha hii.

Kile kifurushi ni saa ya ukutani. Yule mwanamke aligombana na dada yake kwa ajili ya saa ya mama yao, sasa anamrudishia. Anamkuta chumba cha juu, na amekufa. Uliona vizuri, Mama. Macho yako yalikuwa sahihi. Kwa hiyo ile namba kumi na mbili, nadhani ni kwa sababu ya maiti. Mlangoni gemu haiulizi agonge au arudi. Inauliza kama umechoka na unataka kupumzika.

Hakuna mtoto, Mama. Ndani ya gemu hakuna mtoto popote.

Mtoto yupo huku. Ana miezi minane, ni wa kiume. Baba yake ni dereva wa lori linalobeba mashuka yetu, mtu mpole, tulioana mwaka jana, mashahidi wetu walikuwa watu wa dobi. Baba yake Kijino ana miaka sita kaburini na mimi bado niliona kama ninamwibia mtu. Kila wiki nilisema nitawaambia Jumamosi. Jumamosi ikifika, Kijino ndiye anapokea, sauti iko juu, majirani wapo, nikasema wiki ijayo. Mara moja mtoto alilia katikati ya simu. Kijino akauliza, "Nani huyo?" Nikasema televisheni ya jirani. Hakuuliza tena, nikadhani imepita.

Kisha wewe ukaniandikia kwamba mwanamke kama huyo ungemfungia mlango. Nimesoma mstari huo mpaka karatasi imechanika pale pa kukunja. Sikujua nijibu nini, ndiyo maana sikujibu.

Sasa umejua. Kama bado ni hivyo ulivyosema, niambie, nitaelewa. Ila usimgombeze Kijino kwa kukudanganya.

Mwanao, kama bado

*

15 Mei

Mwanangu,

Hujambo, na mtoto hajambo? Naona nimeuliza. Nimeuliza kabla ya lolote, Karani ni shahidi.

Alipofika pale pa miezi minane alivua miwani, akaanza kuifuta. Nikamwambia soma, wewe mzee, si barua yako! Akasoma. Alipomaliza nikamwambia aende zake. Nikafungua godoro ambalo halikuwa na shida yoyote, nikachambua pamba yake yote, nikairudisha.

Kwanza nilikasirika. Sitakuficha. Nilikasirika mpaka paka alihama. Mimi ni mama yako au mimi ni mtu wa posta? Niliyekuzaa, nisijue umezaa! Umejifungua, na nani alikukanda mgongo? Hilo nitakusemea siku nikikuona, kaa tayari.

Lakini kile nilichokisema cha mlango. Sikiliza vizuri. Nilimsemea mtu wa kuchorwa mwenye koti la njano. Sikukusemea wewe. Karani anasema ni jambo lile lile. Nimemwambia aandike na hilo, kwamba anasema ni jambo lile lile, na kwamba pengine ana haki. Mimi huhukumu haraka, tangu zamani. Nimekaa mbele ya kioo nikamhukumu mwanangu, na mjukuu wangu kaketi hapo, bega kwa bega, ananisikiliza nitasema nini. Mlango wangu hauna hata komeo, unajua wewe, unafungwa kwa kiti. Nitaufungaje?

Kijino sikumgombeza. Nilimwita jana baada ya shule, tukakaa na pamba katikati. Nikamwambia, "Mama yako ameandika." Hakuinua uso.

"Kuhusu mtoto?" akasema.

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, "Alilia kwenye simu. Mama akasema ni televisheni. Lakini alimwambia shh, shh, Bibi. Mtu hanyamazishi televisheni, anaizima."

Miaka tisa! Na mimi na sikio langu nilikuwa hapo hapo, nikasikia kelele tu.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungemgombeza. Halafu asingepiga tena."

"Na kwa nini ukamweka kwenye gemu?"

Akachambua pamba kidogo. "Nilitaka kujua utasema nini," akasema. "Kama utasema neno zuri, ndiyo nikuambie."

Nami nikasema lile. Mwanangu, nimewahi kuchomwa sindano ya godoro ikatokea upande wa pili wa kidole. Haikuuma hivi.

Nikamuuliza na yule wa kitandani, ambaye yeye alisema kachoka na kazi. Akasema alijua amekufa. "Lakini usingependa, Bibi. Na Mama huwa anasema amechoka na kazi."

Sasa, uliniomba nikague gemu. Jibu langu ni hili: sijui. Sijaiona bado. Hiyo niliyoiona ni ya Kijino, na hiyo haina namba pembeni. Hiyo nyingine ya saa na dada yake ifungie wewe kabatini au iache, mimi nimejiuzulu ukaguzi.

Kuna jambo moja limebaki. Nilimuuliza anataka nikuandikie nini. Nikadhani atauliza jina, au anafanana na nani. Aliuliza kimoja tu: "Mbona mtoto huyo Mama amekaa naye?"

Ninazo sababu zote. Najua ulivyomwacha, najua ulivyolia, mimi ndiye niliyekubandua mikono shingoni mwake. Lakini hilo si swali langu, na jibu lake si la kuandikwa likaja kusomwa na Karani.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nne asubuhi, piga. Atapokea yeye. Sauti haitakuwa juu, nimemwonya, na mimi nitakuwa uani, nimewapa mgongo. Usianze na mtandao. Mjibu, hata kama ni vibaya, hata kama utakwama. Na yule mdogo akilia usimnyamazishe. Mwache alie, dada yake amsikie.

Ni mimi mama yako, bibi wa wawili